Profesa Makani na hesabu ya watoto wa sikoseli

Mtoto wa miezi minane amevimba vidole vya mikono na nyayo, analia akiguswa. Katika nyumba zetu za pwani, kuanzia Kilwa Kivinje hadi Lindi mjini, bibi atasema ni jicho la watu, shangazi atasema labda ameanguka, jirani atamtaja mganga. Ni nadra mtu kutaja sikoseli, ingawa uvimbe huo mara nyingi ndio dalili yake ya kwanza.

Ndiyo maana wiki hii tunamzungumzia Profesa Julie Makani, daktari Mtanzania aliyetumia miaka mingi kuutafiti ugonjwa huu wa damu, unaoitwa pia selimundu.

Alihitimu udaktari Muhimbili mwaka 1994. Mwaka 1997 alikwenda London kusomea magonjwa ya ndani katika Hospitali ya Hammersmith, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 2003 alipata ufadhili wa Wellcome Trust ya Uingereza kwa ajili ya shahada ya uzamivu, na utafiti wake akaufanyia nyumbani, Muhimbili.

Kazi yenyewe ilikuwa ya uvumilivu: kuandikisha wagonjwa, kuwapima, kuwafuatilia mwaka hadi mwaka. Kati ya 2004 na 2009 yeye na wenzake waliandikisha wagonjwa 1,725. Wakafariki 86. Waliokuwa hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano, ambao vifo vyao vilikuwa zaidi ya mara tatu ya wastani wa wagonjwa wote. Kiwango cha damu kikiwa chini ya gramu 5, hatari ilipanda.

Tukumbuke kwamba hao ni watoto waliofikishwa kliniki. Aliyefia kijijini kabla hajapimwa hayumo kwenye hesabu hiyo, na kutoka Kilwa hadi Muhimbili ni takriban kilomita 300.

Kwa nini pwani? Jibu ni malaria. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi kinasaba cha sikoseli kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo palipo na mbu wengi, kinasaba hicho kimeenea. Aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Timu ya Makani ilibaini kwamba mgonjwa wa sikoseli hakutwi na malaria mara nyingi kuliko wengine, lakini akilazwa nayo damu hupungua sana na anaweza kufa. Chandarua kwa mtoto huyu ni sehemu ya matibabu.

Hapo kuna jambo la kifamilia ambalo waandishi tunalikwepa. Mtoto akiugua, lawama humwangukia mama: ukoo wake una mikosi, damu yake mbaya. Baba anayesema hivyo ajue kwamba bila kinasaba chake mtoto asingeugua sikoseli ya aina hii. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaa mtoto mgonjwa. Kuoa mke mwingine hakukifuti kinasaba cha mume.

Mwaka 2011 Makani alipewa tuzo ya Royal Society Pfizer. Alikuwa akifuatilia damu ya kichanga, aina ya himoglobini anayozaliwa nayo kila mtoto. Hiyo humlinda miezi ya mwanzo. Ikipungua, karibu na miezi sita, maumivu huanza. Wapo wanaobaki nayo nyingi hata ukubwani, na hao huugua kidogo. Dawa ya haidroksiyurea husaidia kwa kuiongeza.

Kwa mtoto mdogo, mengi ni ya kawaida: penisilini kila siku hadi miaka mitano, foliki asidi, chanjo zote, maji ya kutosha, kutopigwa na baridi. Homa ikipanda, hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho.

Kipimo chenyewe huchukua tone la damu. Kama vidole vya mwanao vimevimba na hakuanguka, mwambie mhudumu wa afya waziwazi: naomba apimwe sikoseli. Na baba aende naye.