Boksi la fanicha lililopungua skrubu: Lini linunuliwe, lini liachwe

WAFANYABIASHARA wa fanicha za kuunga, zile zinazofika zikiwa mbao bapa ndani ya boksi, hukutana mara kwa mara na mali ya namna moja: mbao zote zimo, lakini mfuko wa skrubu umepasuka, umepungua au haumo kabisa. Mwenye ghala huliuza boksi hilo kwa bei ya kutupa ili apate nafasi. Wapo wanaolinunua wakapata faida nzuri, na wapo wanaobaki na kabati linaloyumba lisilo na mteja.

Kinachowatenganisha wafanyabiashara hao si bei ya skrubu, kwani skrubu ni rahisi. Ni hali ya mbao na matundu yake. Skrubu iliyopotea hununuliwa dukani. Tundu lililopanuka linahitaji fundi na siku nzima ya kusubiri. Ubao ulioumuka kwa maji haurudi tena katika hali yake.

Kwa nini skrubu ina uzito

Mtindo wa kuuza fanicha ikiwa vipande ulienezwa na kampuni ya IKEA ya Sweden kuanzia mwaka 1956. Sababu yake ilikuwa gharama ya usafiri. Meza iliyokwisha kuungwa hujaza gari kwa hewa iliyo chini yake, wakati boksi bapa hupangwa juu ya jingine. Unafuu huo una masharti yake: nguvu yote ya kabati imewekwa kwenye vifungio vichache vidogo, na kila kimoja kina tundu lake lililotobolewa kiwandani.

Vifungio vinavyopotea zaidi ni vya aina nne. Ya kwanza ni skrubu nene ya chipubodi, ambayo kwa kawaida ina unene wa milimita 7 na urefu wa milimita 50, na hukazwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 4. Ya pili ni kifungio cha duara chenye kipenyo cha milimita 15 pamoja na pini yake. Viwili hivyo hufanya kazi kwa pamoja, hivyo kimoja bila mwenzake hakina faida. Ya tatu ni kigingi cha mbao, mara nyingi cha milimita 8. Ya nne ni bolti za milimita 6 na nati zake, ambazo hutumika sana kwenye vitanda.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Mnunuzi makini hufungua boksi na kuhesabu mbao kwa kufuata karatasi ya maelekezo. Ubao mmoja ukikosekana, hesabu yote hubadilika.

Kisha hupitisha kidole kwenye kingo. Chipubodi ni chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Ikinywa maji huumuka, na pale ilipoumuka haishiki skrubu. Boksi lenye doa la maji kwenye kona liachwe, hata kama bei inavutia.

Mwisho hutazama matundu. Tundu safi lenye kingo kali ni dalili ya mali mpya. Tundu lililochakaa au lenye unga unaomwagika linaonyesha kwamba kabati lilikwisha kuungwa, likafunguliwa na kurudishwa dukani.

Karatasi ya maelekezo nayo ni mali. Huonyesha idadi ya kila kifungio, na katika bidhaa za IKEA kila kifungio kina namba yake ya kuagizia. Kama karatasi haipo, achukuliwe sampuli mfanyakazi wa duka la vifaa: skrubu moja nzima kutoka kwenye boksi hilo hilo au boksi jirani lenye bidhaa ileile.

Matengenezo yanayodumu

Kosa kubwa la mafundi wenye haraka ni kutumia msumari. Chipubodi haina nyuzi ndefu kama mninga au msonobari, kwa hiyo msumari huipasua au huchomoka baada ya muda mfupi. Skrubu nyembamba ya kawaida hushika siku ya kwanza, kisha hulegea kabati linapopakiwa nguo.

Tundu lililopanuka hutobolewa hadi milimita 10, likazibwa kwa kigingi cha mbao chenye kipenyo hicho na gundi nyeupe ya mbao. Baada ya saa 24 hutobolewa upya kwa keekee ya milimita 5, ndipo skrubu nene inapoingia. Ikazwe kwa mkono. Mashine yenye nguvu hurudisha uharibifu uleule.

Hesabu ya mfano

Tuseme kabati kamili hununuliwa kwa Sh. 100,000, usafiri Sh. 5,000, na huuzwa Sh. 130,000. Faida ni Sh. 25,000.

Lililopungua skrubu linunuliwe kwa Sh. 60,000, usafiri Sh. 5,000, vifungio Sh. 6,000 na fundi Sh. 10,000. Jumla ni Sh. 81,000. Likiuzwa Sh. 115,000 kwa kuwa mteja ameelezwa kuwa limetengenezwa, faida ni Sh. 34,000.

Sasa ubao mmoja uwe umeumuka, na kuukata mwingine kugharimu Sh. 25,000. Jumla hupanda hadi Sh. 106,000 na faida hushuka hadi Sh. 9,000, wakati mtaji umelala siku kadhaa zaidi. Katika mfano huu, ubao mmoja umekula karibu robo tatu ya faida.

Skrubu isiyorukwa

Kifungio kinachopuuzwa zaidi ni kile cha kufungia kabati ukutani, kwa sababu kabati husimama hata bila yake. Mwaka 2016 IKEA iliondoa sokoni nchini Marekani makabati ya droo yapatayo milioni 29, baada ya baadhi kuwaangukia watoto na kuwaua. Mtoto akivuta droo kadhaa na kuzipanda, uzito wote huhamia mbele.

Kwa hiyo, kabati refu au la droo lisitoke dukani bila kipande hicho, hata kama kila skrubu nyingine imepatikana. Bei yake ni ndogo, na mteja aelezwe wazi matumizi yake. Anayenunua maboksi mengi kwa mkupuo anashauriwa kutenga moja kati ya kila machache liwe la kutoa vipuri, na gharama yake iingizwe kwenye bei ya mengine tangu siku ya kununua.