Usimlaze Mtoto Karibu na Mahindi Yaliyotiwa Dawa

Leo hatuzungumzi juu ya malaria wala kuhara. Tunazungumza juu ya yale magunia ya mahindi yaliyopangwa ukutani nyumbani kwako, pengine katika chumba kile kile wanacholala watoto.

Wazee wetu hapa Ndhiwa hawakulala na mahindi. Kila boma lilikuwa na dero, ghala lililosukwa kwa fito, likainuliwa juu ya mawe au nguzo na kufunikwa kwa nyasi. Dero lilisimama nje. Upepo ulipita, mvua haikuingia, na watoto walilala mbali nalo. Siku hizi madero yamepungua sana. Fito ni adimu, wezi ni wengi, na mahindi hupukuchuliwa mapema na kutiwa kwenye magunia. Magunia hayo yanaingia ndani ya nyumba kwa sababu ndiko kwenye mlango wenye kufuli. Siwezi kumlaumu mama anayefanya hivyo. Lakini tukubaliane jambo moja: ukiweka magunia kumi ndani, nyumba yako imekuwa ghala, na ghala lina masharti yake.

Tazama ghala kubwa linaloendeshwa vizuri. Magunia hayagusi sakafu, yako juu ya mbao. Hayagusi ukuta, kuna njia ya mtu kupita na kukagua. Gunia lililoingia kwanza ndilo linalotoka kwanza. Siku ya kupiga dawa, magunia hufunikwa kwa turubai zito lisilopitisha hewa, milango hufungwa, alama ya hatari hubandikwa, na hakuna anayeingia mpaka siku zilizowekwa zipite na hewa ibadilishwe. Zaidi ya yote, hakuna mtu anayelala humo.

Nyumbani mambo huwa tofauti, na hapo ndipo watoto wanapopotea.

Iko dawa ya vidonge ambayo watu hununua ili kuua fukusi. Ni vidonge vya rangi ya kijivu, na kemikali iliyomo inaitwa alumini fosfaidi. Wengi hudhani kidonge ndicho kinachoua mdudu. Sivyo. Kidonge kikikutana na unyevu, hata ule mdogo ulio hewani, hutoa gesi inayoitwa fosfini, na gesi ndiyo inayoua. Haichagui fukusi na mtoto. Gunia la kawaida haliwezi kuizuia. Hupita kwenye matundu ya gunia, chini ya mlango, na juu ya ukuta usiofika darini. Wengine husikia harufu kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini usitegemee pua, maana gesi inaweza kudhuru kabla hujasikia harufu yoyote. Mtoto mdogo anapumua haraka kuliko mtu mzima na mwili wake ni mdogo, kwa hiyo yeye huzidiwa kwanza.

Jambo la kuogofya ni kwamba fosfini haina dawa ya kuiondoa mwilini. Hospitali itamsaidia mgonjwa kupumua na kuutegemeza moyo wake, lakini hakuna sindano ya kuizima sumu yenyewe. Ndiyo sababu kazi ya vidonge hivi ni ya watu waliofunzwa, katika ghala lisilo na wakazi. Ukiuziwa kidonge kimoja kimoja kwenye karatasi sokoni, bila kibandiko na bila maelezo, umeuziwa hatari. Usikubali, hata kama jirani anakuambia amekitumia miaka mingi.

Dalili zake hufanana na za malaria: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, tumbo kuuma, mwili kulegea. Kisha kifua hubana na pumzi huwa za shida. Basi utatofautishaje? Angalia kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wameugua usiku mmoja, na kama kuna mahindi yaliyotiwa dawa karibu. Ukiona hivyo usingoje kupambazuke. Watoe watu wote nje kwenye hewa safi. Usirudi ndani kuchukua nguo wala kuzima taa. Tafuta bodaboda, gari la jirani, chochote kilicho karibu, mwende kituo cha afya au Hospitali ya Ndhiwa. Mwambie mhudumu waziwazi: "Tulilala na mahindi yenye vidonge vya dawa." Maneno hayo machache yatamwokolea muda wa kutafuta malaria isiyokuwepo. Kama ni mtoto amemeza kidonge, usimtapishe, wala usimpe maji au maziwa. Wengi hukimbilia maziwa kwa nia njema, lakini majimaji tumboni huongeza gesi. Wala usimwagie maji vidonge vilivyobaki ukidhani unavizima.

Sasa tuje kwenye hatari ya pili, ambayo ni ya kimya zaidi.

Mwaka wa 2004, kati ya Januari na Julai, watu 317 waliugua mashariki mwa nchi yetu, wengi wao Makueni na Kitui. Kati yao 125 walikufa. Macho yao yaligeuka ya njano, matumbo yakajaa, maini yakaharibika. Hawakuwekewa sumu na mtu. Walikula mahindi ya shamba lao. Mahindi yale yalivunwa wakati wa mvua isiyotarajiwa, yakawekwa yakiwa na unyevu, na wengi waliyaweka ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi wakati wa njaa. Kuvu ikamea na kutoa sumu inayoitwa aflatoksini.

Sumu hii haionekani na haina ladha. Kuchemsha hakuiondoi, na ugali ulioiva vizuri unaweza kuwa nayo. Ikiwa nyingi huua upesi kama mwaka ule. Ikiwa kidogo kidogo kila siku, huumiza ini kwa miaka na kuleta saratani, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Hapa ndipo chanjo inapohusika: kinga ya homa ya ini ya B imo katika ile sindano ambayo mtoto hupewa akiwa na majuma 6, 10 na 14. Watafiti pia wameona uhusiano kati ya sumu hii na watoto kudumaa. Mtoto aliyeachishwa ziwa ndiye anayekula uji wa mahindi asubuhi, mchana na jioni, tena mara nyingi tunamchanganyia njugu karanga, ambazo nazo hupata kuvu hii kwa urahisi. Kwa hiyo unga wa mtoto ndio unaofaa kuchaguliwa kuliko wote. Badilisha nafaka, siku nyingine wimbi, siku nyingine mtama, na njugu uchambue moja moja. Kwa mama anayenyonyesha, ni kweli kiasi kidogo cha sumu hupita kwenye maziwa, lakini usiache kunyonyesha kwa ajili hiyo. Maziwa yako bado ndiyo chakula salama kuliko chochote kwa miezi sita ya kwanza.

Dawa ya kuvu ni moja: kukausha. Mahindi ya mvua ndefu huku kwetu huvunwa Julai na Agosti, na mvua fupi haichelewi. Usiyarundike chini shambani. Yaanike juu ya turubai, si juu ya udongo, maana kuvu hukaa udongoni, na udongo wetu mweusi hushika maji. Jioni au wingu likitanda, yafunike. Usiyapukuchue kwa kupiga gunia kwa fimbo. Najua ni haraka, lakini punje hupasuka na kuvu huingilia kwenye ufa.

Utajuaje kama yamekauka? Wengi huuma punje kwa meno. Ipo njia bora, nayo haina gharama. Chukua chupa safi, kavu, yenye kifuniko. Tia vijiko vitatu vya chumvi iliyoanikwa ikakauka kabisa, kisha mahindi mpaka robo ya chupa. Tikisa kwa dakika moja, uiache itulie dakika kumi na tano. Chumvi ikigandama kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani. Isipogandama, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Hata hivyo, kwa kuhifadhi miezi mingi tunataka asilimia 13.5 au chini yake, kwa hiyo mimi ningeongeza siku moja au mbili za jua kali.

Punje zenye rangi ya kijani, nyeusi au zilizooza uzitoe. Huu ni ushauri mgumu wakati debe ni bei ghali, nami ninalijua hilo. Lakini usimpe kuku, usimpe ng'ombe wa maziwa, usipeleke kwa mtu wa kutengeneza busaa. Kuku hufa, na sumu aliyokula ng'ombe hurudi mezani ndani ya maziwa. Uzifukie.

Tunarudi kwa wadudu, kwa sababu mama atauliza: nikiacha vidonge, nitafanya nini na fukusi, na yule anayeitwa "Osama" anayegeuza mahindi kuwa unga? Mdudu huyo si wa asili ya huku. Alitoka Amerika ya Kati, na katika Afrika Mashariki alianza kuonekana Tabora, Tanzania, kabla ya kuingia Kenya kupitia Taveta miaka ya 1980. Jibu zuri kwa nyumba yenye watoto ni mfuko usiopitisha hewa. Mmojawapo unaitwa PICS, na una mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia moja. Wadudu walio ndani humaliza hewa wakafa wenyewe, bila dawa yoyote. Ndiyo, bei yake ni zaidi ya gunia la kawaida, lakini ukiutunza utautumia zaidi ya msimu mmoja, na hununui dawa. Kabla ya kuutia mahindi, ujaze upepo na kuukamua uone kama una tundu. Jaza, kandamiza hewa itoke, sokota shingo ya kila mfuko peke yake na uifunge kwa kamba. Ila mahindi yawe makavu kweli. Mabichi yataozea humo. Na usiufungue funguo kila jioni kuchota ya kusaga. Anza na gunia moja la matumizi, mengine yabaki yamefungwa.

Ukiamua kutumia dawa ya unga iliyokubaliwa, nunua kwa agroveti kwenye pakiti iliyofungwa, fuata kipimo kilichoandikwa, ngoja siku zilizotajwa kabla ya kula. Mkopo wake usiwe kopo la kupimia unga tena. Mbegu za kupanda zilizopakwa rangi pia ni sumu, zisikae kibuyu kimoja na mahindi ya kula, wala mbolea na mafuta ya taa visikae kando ya magunia.

Kuhusu kupanga, weka mbao au mawe na fito chini, uache nafasi ya hatua moja kutoka ukutani ili uone panya anapopita. Gunia la mahindi lina kilo 90. Matatu yaliyosimamishwa moja juu ya jingine karibu na mkeka wa mtoto ni mzigo unaongoja kuanguka. Yalaze, yapishane kama matofali, yasizidi kimo unachofikia bila kupanda kiti. Mama mjamzito asiinue gunia. Apime kwa debe na kubeba kidogo kidogo.

Kwa akina mama walio na kikundi, hapa ndipo chama kinapoweza kufanya zaidi ya kuzungusha pesa. Turubai kubwa moja na mashine ya kupukuchulia vinaweza kuhudumia maboma mengi kwa zamu. Chumba kimoja kikavu chenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili tofauti, na daftari la kuandika jina, tarehe na kilo, kitaondoa magunia vyumbani mwa watoto. Kila gunia liandikwe tarehe ya kuingia. Wanaofagia na kupepeta wafunge pua na mdomo kwa kitambaa, na mwenye pumu apewe kazi ya daftari.

Na kama usiku wa leo kuna gunia lenye vidonge nyumbani kwako, usilifungue wala kulivuta. Wahamishe watoto wakalale nyumba nyingine iliyo mbali nalo, acha madirisha wazi, na asubuhi umtafute afisa wa kilimo au mhudumu wa afya wa kijiji chako kabla mtu yeyote hajaingia.