Kahawa ikiibwa ghalani: kifungo hupimwaje?

Mfanyabiashara wa Moshi aliyeibiwa magunia ya kahawa hutazama kwanza ni nani aliyeiba, na mahakama nayo hufanya hivyo. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, ukomo wa kifungo kwa wizi wa kawaida ni miaka 7. Karani akimwibia mwajiri wake, 10. Ng'ombe akiibwa zizini Marangu, 15. Chini ya ukomo huo hakimu hupima: ni kosa la kwanza? Mshtakiwa amekiri mapema? Mali ina thamani gani?

Thamani huthibitishwa kwa daftari la ghala, karatasi za mizani na stakabadhi. Zitunze. Kifungo hakirudishi mtaji. Mshtakiwa akitiwa hatiani, mwombe mwendesha mashtaka aiombe mahakama amri ya fidia.