Kurekodi Ngoma Nyumbani kwa Vifaa vya Bei Nafuu: Mambo ya Kuzingatia Kusini mwa Pwani ya Kenya

Neno ngoma katika Kiswahili lina maana mbili zisizotengana kwa urahisi: chombo kilichowambwa ngozi, na pia shughuli nzima ya kupiga, kucheza, kuimba na kuitikiana. Mwanafunzi wa fasihi simulizi aendaye nyanjani aghalabu huisahau maana hii ya pili, akarudi na mdundo usio na maneno. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua vifaa visivyo ghali vya kurekodia ngoma uani au nyumbani. Mifano imetolewa Kwale, hususan Msambweni na Diani, ambako nimekuwa nikikusanya nyimbo za sengenya za Wadigo kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Safari ya kwanza, huko Msambweni, nilitumia simu ya mkononi. Niliiweka juu ya kigoda, hatua moja hivi kutoka kwenye ngoma kubwa, nikidhani kuwa aliye karibu ndiye asikiaye vyema. Jioni nilimsikilizisha bibi aliyekuwa akiongoza nyimbo. Alitega sikio kitambo, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, mimi niko wapi humu?" Hakuwamo. Kila ngoma ilipolia, sauti yake ilizama. Mdundo ulipotulia, ziliibuka silabi mbili tatu za mwisho. Nilimwomba aimbe tena. Aliimba, lakini beti zilikuwa nyingine kabisa, kwani zile za asubuhi alizitunga papo hapo akiwalenga watu waliokuwapo uani.

Chanzo cha hasara hiyo kinaelezeka. Simu nyingi zina kidhibiti cha sauti kinachojiendesha, kilichokusudiwa mazungumzo. Sauti kubwa ikiingia, chenyewe hupunguza kiwango cha kila kitu, kisha hukipandisha taratibu. Mbele ya vumi na chapuo kidhibiti hicho hakipati pumzi. Zaidi ya hayo, sauti ikizidi uwezo wa maikrofoni, vilele vya mawimbi hukatwa na hubaki mkwaruzo ambao hakuna programu inayoweza kuuondoa kikamilifu.

Kwa hivyo sifa ya kwanza ya kutafuta katika kinasa sauti si jina wala sura yake, bali uwezo wa kujiwekea kiwango cha sauti kwa mkono. Vinasa vidogo vya kampuni kama Zoom na Tascam vina uwezo huo, na kilichotumika tayari hufaa mradi vitufe na tundu la visikizi ni vizima. Mwombe mpigaji apige kama apigavyo ngoma ikikolea, wala si kama apigavyo akijaribishwa, kisha uweke kiwango ili vilele vifike karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Zoom H1essential, iliyotoka mwaka 2024, hurekodi kwa biti 32 na haihitaji kupangiwa kiwango. Hata hivyo, maikrofoni yake nayo ina kikomo. Usiisogeze mdomoni mwa vumi.

Je, inafaa kununua maikrofoni kwa kila ngoma, kama wafanyavyo studioni? Shure SM57, maikrofoni iliyoanza kuuzwa mwaka 1965, inavumilia sana kishindo. Lakini maikrofoni nne zinadai stendi nne, nyaya, kisanduku cha kuziunganisha na kompyuta, na umeme usiokatika. Kwa mtafiti wa fasihi naiona kuwa gharama ya bure. Fedha hizo zinunue visikizi vinavyofunika masikio, stendi moja imara, na kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo.

Kinachobaki ni umbali, nao haununuliwi. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Kinasa kikiwa mita moja kutoka kwa ngoma na mita nne kutoka kwa mwimbaji, ngoma imeongezewa desibeli 12 juu ya ukubwa wake wa asili. Geuza mpangilio: mwimbaji awe mita moja na nusu, ngoma ziwe nyuma yake mita nne au tano, na zumari, ambayo hupenya popote, iwe pembeni.

Chumba chenye kuta za saruji na paa la mabati hurudisha mwangwi mkali. Mikeka, magodoro na mablanketi hupunguza. Nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti ni tulivu zaidi. Lakini mimi hupendelea uani, kwa sababu ngozi hulegea kwa unyevu wa bahari na wapigaji hulazimika kuzipasha ngoma motoni kila mara. Msimu wa kusi, rekodi asubuhi kabla upepo haujachachamaa, ukiukinga kwa ukuta wa nyumba. (Uani, nasema. Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu ya Kaya iliyotambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2008, si mahali pa kuingia na kinasa bila idhini ya wazee.)

Hifadhi sauti kwa muundo wa WAV, si MP3. Dakika moja huchukua takriban megabaiti 10, hivyo kadi ya gigabaiti 32 hutosha saa 50 hivi. Kuhariri kunawezekana kwa Audacity, programu isiyolipiwa. Kabla ya wimbo wa kwanza, taja kwa sauti tarehe, mahali na majina ya ngoma zilizopo.

Nakala moja waachiwe wenyewe, katika kadi inayosomeka kwenye simu. Bibi yule alipoisikiliza rekodi ya safari ya pili, alinisahihisha maneno matatu ya Kidigo niliyokuwa nimeyanukuu vibaya.