Linda Macho Gesi ya Gari Ikivuja

Je, kiyoyozi cha gari lako kimeanza kutoa hewa ya vuguvugu? Huenda gesi inavuja. Mimi ni daktari, si fundi, lakini usikubali kujaziwa nyingine kabla tundu halijapatikana. Doa la mafuta kwenye kiungio cha paipu, au maji ya sabuni yakitoa viputo, humwonyesha fundi mahali penyewe.

Wengi wetu hupenda kuinama kuchungulia. Usithubutu! Gesi ya R-134a, iliyo katika magari mengi, huchemka katika nyuzi 26 chini ya sufuri. Ikirukia jicho huligandisha, na yaweza kupofusha. Osha kwa maji safi dakika 15, usilifikiche, kisha kimbilia hospitali. Sigara nayo izimwe: gesi hii ikipita motoni hugeuka sumu inayochoma mapafu.