Siku 30 za Kusikilizana Barazani

Mgogoro wa ardhi ndani ya ukoo ni mgumu kuuzungumza, maana wanaogombana wataendelea kuteka maji mahali pamoja na kuzikana. Rungwe mkoani Mbeya, parachichi limepandisha thamani ya kila hatua ya shamba. Mufindi na Kilolo, mkoani Iringa, misindano hupandwa hadi mpakani. Ndugu wakishindwana, shauri huanzia Baraza la Kata.

Mabaraza haya yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985, na huwa na wajumbe wanne hadi wanane. Katika masuala ya ardhi, watatu kati yao ni wanawake. Zamani yaliweza kuamua nani mwenye haki. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyaachia usuluhishi tu. Wapo wanaoona yamenyang'anywa meno, lakini kwa ugomvi wa ndugu hasara hiyo ina faida yake: mjumbe asiye na hukumu mkononi hana budi kusikiliza.

Kusikiliza huko kuna ufundi. Mlalamikaji akirudia jambo moja mara tatu hakatizwi, kwa kuwa linalorudiwa mara nyingi ndilo linalouma. Tuseme ndugu wawili wanabishania mpaka wa mashamba ya parachichi. Mkubwa anahesabu hatua. Mdogo kila mara anarudi kwenye siku ya kumaliza matanga ya baba, shamba lilipogawanywa naye hakuitwa. Mjumbe aliyesikia hatua peke yake atachukua kamba akapime, na msimu ujao ugomvi utaanza upya. Aliyesikia habari ya matanga atauliza: "Mdogo wetu, kinachokuuma ni kutoitwa kikaoni, sivyo?" Kisha atamgeukia mkubwa: "Kaka, kabla hujajibu, hebu tuambie mwenzako amesema nini."

Hapo ndipo pagumu. Mkubwa huona kwamba kuyarudia maneno ya mdogo ni kujisalimisha, hivyo aelezwe mapema kuwa kurudia si kukubali. Jaribio la kwanza aghalabu hupotosha: "Anasema anataka shamba langu." Mdogo hukanusha, na zoezi hurudiwa hadi aitikie, "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema." Maswali nayo yana uzito. "Ilikuwaje?" hufungua simulizi, ilhali "Kwa nini ulifanya hivyo?" humfanya mtu ajitetee. Na mjane aliyenyamaza mbele ya mashemeji asihesabiwe kuwa ameridhia; aulizwe kwa jina, apewe muda.

Haya si mageni Rungwe. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa wa huko miaka ya 1930, aliandika kwamba hasira iliyofichwa moyoni iliaminika kuleta maradhi, hivyo jamaa waliokosana walitakiwa kuitamka waziwazi ili wapatane.

Wakielewana, makubaliano yaandikwe na kusomwa kwa sauti mbele ya wote. Wasipoelewana, baraza huthibitisha kuwa usuluhishi umeshindikana, na shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, anayelalamika anaweza kwenda huko bila uthibitisho huo.