DAMU ANAYOTIWA MTOTO NA CHUMA NDANI YA INI

Mama wapendwa, mtoto wa SS akipungukiwa damu sana, munganga anamutia damu. Damu hiyo inaokoa maisha, musiikatae. Lakini inafaa mujue jambo moja: kila damu inaingia na chuma chake.

Kwa nini chuma kinabaki?

Chuma ndicho kinachosaidia damu kubeba hewa. Mfuko mmoja mkubwa wa damu uko na chuma miligrama 200 mpaka 250. Lakini mwili wa mtu mzima unatoa miligrama 1 au 2 tu kwa siku. Basi mtoto akitiwa damu mara nyingi, chuma kinajaa ndani ya ini. Mwanzoni hasikii maumivu. Kisha ini linaweza kuwa gumu, na hata moyo kuharibika.

Tunakipima namna gani?

1. Kupima feritini katika damu. Ni rahisi, lakini mtoto akiwa na homa, feritini inaweza kupanda hata kama chuma hakikuongezeka.

2. Kutoa kipande cha ini kwa sindano. Damu inaweza kutoka ndani, na kipande kidogo hakionyeshi ini lote.

3. Mashini ya sumaku, ndiyo IRM. Mtoto analala humo bila kutikisika. Inapiga kelele, lakini haimuchomi. Ini lenye chuma kingi linaonekana jeusi katika picha, na kwa kupima weusi ule waganga wanapata hesabu ya kweli. Chini ya miligrama 2 kwa gramu 1 ya ini kavu, ni vizuri. Kupita 7, hatari imeanza. Kupita 15, ni hatari kubwa. Kuko dawa za kutoa chuma.

Kazi yenu ni nini?

Mashini hiyo iko katika hospitali chache tu za Kongo. Kwa hiyo:

– Kila mara mtoto anapotiwa damu, iandikwe katika fishi yake: siku na kiasi. Fishi isipotee.
– Akiisha kutiwa damu mara 10, muulize munganga juu ya chuma, hata kama mtoto anacheza vizuri.
– Musimununulie dawa ya chuma sokoni. Inafaa watoto wengine, lakini yeye anaweza kuwa nacho kupita kiasi. Asidi foliki si chuma, aendelee nayo.

Mama, damu ile ni zawadi ya Mungu kwa mkono wa ndugu zetu. Tuipokee kwa shukrani, na tuihesabu.